Keki Iliyokuwa na Mlango

Jumatano, kama saa nne za asubuhi, Epiphanie alikuwa anatandaza pâte à sucre, sukari iliyokandwa ya kuvalisha keki, ya ukuta wa tatu kwa chupa tupu ya bia aliposikia mtu anabisha hodi kutoka ndani ya keki.

"Karibu," akajibu kwa mazoea. Halafu akafikiri kidogo, akajisahihisha. "Ao utoke, kama uko ndani."

Mlango wa keki ukafunguka. Akatoka mama mmoja mzee, mkeka kichwani, sufuria mkononi, akasalimu vizuri kama watu waliolelewa. Alisema anaitwa Umugwaneza, anatoka Kalembe, na kule Kalembe watu walikimbia risasi tangu mwaka jana. Amelala shuleni, amelala kanisani, amelala chini ya bâche, turubai yenye matundu. Asubuhi hiyo, Epiphanie alipokwenda kuteka maji, yeye alikuwa anapita, akaona mlango uko wazi.

"Humu muko mukavu," alisema. "Njo maana nasema niulize mwenyewe."

"Mwenyewe ni Papa Prince, mama. Miye napamba tu. Kama unarudi ndani usiegemee ukuta, haiyakauka."

Umugwaneza akashukuru, akarudi ndani. Wala mtu asije akaniuliza mama mzima anapitaje kwenye mlango wenye urefu wa kidole cha kati. Aliinama. Watu wa huku wamezoea kuinama, hakuwapi shida.

Sasa niseme hiyo keki ilikuwa ya nini, maana haikuwa mchezo. Epiphanie alikuwa mjane mwenye mabinti wawili, na alilima maharagwe kwenye kipande chini ya malisho ya ferme ya Papa Prince, shamba lake la ng'ombe. Ferme hiyo ni kilima kizima cha Nyamitaba, kuanzia chemchemi hadi barabarani. Babu yake Epiphanie amezikwa mahali fulani mle, chini ya ng'ombe. Lakini makaratasi anayo Papa Prince, na desturi inajulikana: anayetaka kipande cha kulima na kujenga kibanda, anaitumikia ferme siku mbili kila juma, Jumanne na Ijumaa. Hakuna anayetia saini. Ukikosa siku zako, ng'ombe wanafunguliwa wanaingia shambani kwako, basi, hakuna hata kelele.

Katika ujana wake Epiphanie alikuwa amekaa Goma miaka miwili kwa sista mmoja, Joséphine-Marie, aliyemfundisha kazi ya keki. Habari hiyo ilimfikia gérant, msimamizi wa ferme, mtu aitwaye Dusabimana, ambaye hutembea na mwavuli na haufungui hata mvua ikinyesha. Alikuja kwa Epiphanie na simu mkononi.

"Mwezi huu hautakuya na jembe," alimwambia. "Utafanya gato ya mutoto. Prince anatimiza miaka saba samedi. Ifanane na hii photo. Isipofanana, mimi nafungula ngombe."

Maharagwe yalikuwa yameshiba ganda, yanaanza kugeuka manjano. Yalibakiza majuma mawili kung'olewa. Ndiyo chakula chote ambacho Epiphanie na mabinti zake walikuwa nacho mpaka Januari. Aliogopa sana, akasema sawa.

Picha ilikuwa ya keki yenye umbo la kasri la Ulaya: minara minne yenye kofia za buluu, ukuta wenye meno juu, madirisha, mlango mkubwa. Hapo kijijini hakuna aliyewahi kuona nyumba ya namna hiyo. Epiphanie akaomba aachiwe simu mpaka jioni, akaenda kwa Papa Lévi, aliyefundisha historia shuleni miaka arobaini na bado hajaacha.

"Iyo njo château," Papa Lévi alisema, akisogeza simu mbali na macho. "Mwenye udongo yote njo anaikala mule. Benye kulima banaikala inje, banamutumikia siku mbili, siku tatu kila juma. Vita ikikuya, anafungula mulango, bote banaingia."

"Bote?"

"Bote. Na mbuzi yabo."

"Siku mbili kila juma, Papa?"

"Iyo ilikuwa zamani sana, mama. Mambo ya Moyen Âge. Sisi tuko na téléphone."

Basi Epiphanie akafanya kosa ambalo mpishi wa keki wa Goma asingelifanya hata kwa kulewa. Pichani mlango ulikuwa umebandikwa tu, kipande cha pâte ya kahawia juu ya ukuta. Yeye alikata mlango wa kweli, wa kufunguka, bawaba zake vijiti vya meno. Na katikati ya keki aliacha uwazi, akaweka nguzo chache za kuzuia paa lisibonyee. Château isiyoweza kuingiza watu, alijiambia, itakuwa château gani?

Kwa kazi, mama huyu hakuwa na mchezo. Alioka minara kwenye makopo ya maziwa ya unga. Alikanda sukari ya unga na gélatine na asali, mikono imepakwa margarine, mpaka pâte ikavutika bila kukatika, akaitandaza na kuivalisha ukuta kama unavyomvalisha mtoto shati la Jumapili, bila kunjo. Ukungu wa Nyamitaba ni adui wa sukari, pâte inatoa jasho. Kwa hiyo aliweka mbabula, jiko la makaa, karibu na meza, akawa anaizungusha keki polepole, kila upande upate joto lake. Meno ya ukuta aliyakata kwa kisu, sitini na manne, akayabandika moja moja kwa maji.

Kufikia Alhamisi mchana keki ilikuwa na familia kumi na moja ndani. Umugwaneza alikuwa amewaita watu wake, na watu wake wakaita watu wao. Waliingia na magodoro, na madumu ya njano, na kuku, na mbuzi wawili ambao walikataa kuinama ikabidi wasukumwe. Walichagua mkubwa wao, mtu mtulivu aitwaye Byukusenge, naye akatoa sheria mbili: hakuna kulamba ukuta, hakuna kupiga misumari.

Epiphanie alikuwa na lake la kusema, maana moshi ulikuwa unatoka chini ya kofia ya buluu ya mnara wa kushoto.

"Papa Byukusenge! Nani anapika mu tour ya kushoto? Moshi inaniharibia bleu!"

"Tunahama, mama, tunahama. Pole."

"Na zile nguo mulianika ku dirisha?"

"Ni za batoto."

"Muanike nyuma, basi. Kwa mbele photo haina nguo."

Aligomba, lakini moyoni alikuwa anafurahi, na nitalisema hilo bila kuficha. Tangu mume wake afe, nyumba ilikuwa kimya. Sasa alikuwa akibandika maua ya sukari huku anasikia watu wanacheka ukutani, mtoto analia, mtu anauliza nani amechukua kijiko. Furaha ile ilimtia woga, kwa sababu alijua Jumamosi inakuja.

Alikuja pia bwana mmoja wa shirika la misaada, mwenye gilet, kizibao chenye nembo, na tablette, kuhesabu waliokimbia vita. Akatafuta kwenye orodha yake: nyumba, shule, kanisa, hangari. Gâteau haikuwemo. Akaandika "nyingine". Kisha akauliza vyoo viko vingapi.

"Mu gato yangu?" Epiphanie alishika kiuno. "Papa, heshima! Banaendaka kule nyuma ya migomba."

Bwana yule akaandika migomba, akaomba apige picha, akaenda zake.

Ijumaa gérant akaja kukagua. Alisimama mbele ya keki, simu mkono mmoja, mwavuli mkono mwingine, akahesabu minara, akahesabu madirisha, akapima kofia za buluu kwa jicho. Byukusenge alikuwa ameketi mlangoni anashona kiatu. Wakasalimiana.

"Mu photo hakuna bantu," gérant alisema.

"Bataingia ndani, Gérant," Epiphanie alijibu haraka. "Batafunga mulango. Hautabasikia."

"Kesho saa sita iwe ku ferme."

Akaondoka. Epiphanie akakaa chini, akamwomba Mungu watu wa ndani wasikohoe.

Jumamosi wanaume wanane waliibeba keki juu ya machela ya kubebea wagonjwa. Wakipanda kilima, walibadilishana mabega mara tano, na mmoja akasema amewahi kubeba mama wa mapacha hadi hospitali, lakini gato hii, weeh, inazidi. Kutoka ndani Umugwaneza aliwapa pole kila walipojikwaa.

Kwenye ferme kulikuwa na bâche mpya, viti vya plastiki, muziki, wageni waliotoka mbali, hata Bweremana kule ziwani, na samaki wao. Papa Prince alivaa suti. Alikuwa mtu mpole, naomba hilo lieleweke. Hakuwahi kumpigia mtu kelele. Aliitazama keki, akaitazama picha, akampa Epiphanie mkono mbele ya wote.

"Mama, umetumika muzuri. Maharagi yako itakomala bila shida."

Epiphanie alitaka kuruka kwa furaha. Alipiga hesabu ya siku zilizobaki, akawaona mabinti zake wanapura maharagwe uani. Wakaimba. Mishumaa saba ikawashwa juu ya minara, na mtu ndani akalalamika taratibu kwamba nta inamwangukia kitandani. Prince, amevaa taji la karatasi, akapewa kisu kirefu cha kukatia nyama. Baba yake akamshika mkono kumwongoza. Kisu kikaenda juu ya mnara wa kulia.

Ule mnara ndimo Umugwaneza alimokuwa analala na wajukuu zake wanne.

Mlango ulikuwa umefungwa. Hakuna aliyetoa sauti tena. Walikuwa wamemwahidi Epiphanie, nao ni watu wa ahadi. Epiphanie alitazama kisu, akatazama chini ya kilima, maharagwe yake yanaonekana kutoka pale, kipande kidogo cha manjano. Angenyamaza tu. Kunyamaza kuna shida gani, kila mtu pale alikuwa ananyamaza.

"Papa, ngoja!" akasema. "Musikate. Kuna bantu ndani."

Muziki ukazimwa. Papa Prince akainama, akachungulia dirishani. Byukusenge akafungua mlango, akatoka, akavua kofia.

"Bonne fête ya mutoto, Papa."

"Aksanti. Muko wangapi?"

"Jamaa kumi na moja. Tunatoka Kalembe."

"Poleni." Papa Prince alisema kwa moyo, akakung'uta sukari mkononi. "Sasa, gato hii ni ya nani?"

"Ni yako, Papa."

"Na mwenye kuikala kwangu, anafanyaka nini?"

Byukusenge hakuwa mwenyeji, lakini jibu hilo linajulikana kila kilima. Akageuza kofia yake mkononi.

"Anatumikaka, Papa."

"Mardi na vendredi, siku mbili kila juma," gérant aliongeza, kwa faida ya wageni.

Watu wakapiga makofi, maana jambo lilikuwa limekwisha vizuri bila maneno mengi. Prince alilia kidogo, akapewa biskuti na Fanta, akanyamaza. Muziki ukawashwa tena.

Epiphanie alimfuata gérant kando ya uzio wa ng'ombe.

"Gérant, na maharagi yangu?"

"Mama, nilikuomba gato. Gato njo kintu chenye banakata, banakula. Hii haikukatwa. Hii ni nyumba." Alisema kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake habari ya msiba. "Unaona mwenyewe."

"Lakini ni mimi nilisema basikate!"

"Njo vile. Ni wewe."

Saa tisa ng'ombe walikuwa ndani ya maharagwe. Hawakuwa na haraka. Epiphanie alisimama pembeni na mabinti zake, akalia kwa sauti, bila kujali nani anamsikia, na majirani waliokuwa wanarudi kutoka kwenye sherehe wakamshika bega, wakasema pole mama, wakapita. Kibanda chake kilikuwa kwenye kipande kilekile, kwa hiyo jioni haijaingia gérant akapita kuchukua ufunguo.

Keki waliiweka karibu na zizi, juu ya mawe, na bâche ya sherehe juu yake kwa ajili ya mvua. Umugwaneza alikuwa mlangoni. Aliwaona wanakuja na vitu vyao.

"Mu tour ya nyuma kuna nafasi," alisema. "Ni ndogo, lakini dirisha yake ni muzuri. Ulifanya muzuri."

Epiphanie na mabinti zake wakainama, wakaingia. Ndani hapakuwa pabaya. Palinukia vanilla na moshi.

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, gérant akagonga mlango wa kasri kwa ncha ya mwavuli. Wakatoka mmoja mmoja, majembe begani, wakipiga miayo. Papa Prince alikuwa ameamua kupanda majani ya malisho pale ng'ombe walipomaliza maharagwe, kwa sababu udongo wake ulikuwa umelimwa vizuri. Gérant akawagawia mistari, mtu na wake. Alipofika kwa Epiphanie alimwachia achague pa kuanzia.

Alianzia upande wa juu, penye mawe machache, kwa sababu alipajua.