Mkoka Moto

Miaka ishirini na mmoja Mkurugenzi alikuwa akiniita chauffeur, huku akigonga kioo cha gari kwa pete yake. Jina langu analijua fika. Mimi ni dereva, Kifaransa sikukisoma, ila dharau haihitaji kamusi. Nilimeza tu.

Ikatangazwa nafasi ya mfasiri wa Kifaransa na Kiingereza pale ofisini. Kwenye usaili walibaki wawili, mmoja binti yangu. Nilimwonya nyumbani, "Ukinikuta huko, hunijui. Wakigundua wewe ni wangu watasema umebebwa." Alinuna, lakini alikubali.

Nikaingia chumba cha usaili na mafaili aliyoyasahau Mkurugenzi garini. Aliponiona alitabasamu, akamgeukia binti.

"Haya, tuambie: chauffeur. Asili yake, na Kiingereza chake."

Nilisimama na mafaili kifuani, nimeogopa kuliko siku breki zilipokatika mteremkoni.

"Limetokana na chauffer, kupasha moto," alisema binti. "Zamani yalikuwepo magari ya mvuke. Asipokuwepo chauffeur wa kukoka moto, tajiri alikaa mle ndani kama kuku anayeatamia. Waingereza walilichukua neno vilevile, wakampa dereva anayeajiriwa kumwendesha mtu. Lao wenyewe ni driver, lililotuzalia dereva. Hilo lilianzia kwa mtu anayeswaga mifugo."

Niliwatazama wakubwa niliowabeba miaka yote ile, nikauma ulimi nisicheke.

"Umejifunza wapi hayo?" aliuliza mama wa utumishi.

"Mengine kwenye kamusi, mama. La moto nimeliona nyumbani. Baba yangu huamka alfajiri akaja kupasha injini, wakubwa wakute gari tayari. Ada yangu ya shule ilitoka hapo." Akanigeukia. "Ndiye huyo aliyeshika mafaili yenu. Shikamoo, baba."

Asubuhi alikwisha kuniamkia. Hii ilikuwa ya kusikiwa na watu.

"Marahaba, mwanangu!" nilijibu kwa sauti nzima, kazi aipate au aikose. Nilijivunia mtoto yule mpaka shati likanibana.

Kazi aliipata mchana uleule. Mtihani wa maandishi ulisahihishwa bila majina, na alikuwa wa kwanza kwa mbali, kwa hiyo wa kusema amebebwa alikosa pa kuanzia.

Jioni Mkurugenzi aliketi kiti cha nyuma, akakohoa kidogo.

"Chauffeur, twende."

"Subiri, mzee," nikamwambia. "Kwanza nikoke moto."