Sukari Hajambo

Mzee Dakika alikuwa na miguu miwili, hakuna aliyebisha, ila aliitumia kama watu wanavyotumia vile viti vya wageni: vipo, vinafutwa vumbi, havikaliwi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza saa. Kutwa alikuwa barazani kwake, lenzi jichoni, kibano mkononi, na pembeni kikombe cha chai tamu ya kuwaita nyuki kutoka mtaa wa pili. Safari yake ndefu kwa siku ilikuwa kutoka kitandani hadi mezani, na ikifika jioni anairudia hiyo hiyo.

Sasa mwili nao haulali bila kuandika deni. Bintiye, karani wa kampuni ya bima aliyekuwa akiishi upande wa pili wa mji, alimkokota mpaka zahanati, na muuguzi akampima kile kipimo kinachosoma sukari ya miezi mitatu iliyopita, ambacho huwezi kukidanganya kwa kushinda na njaa siku moja.

"Imepanda," muuguzi alisema. "Hujawa mgonjwa bado, mzee. Uko mlangoni. Ukiendelea kukaa utaingia ndani, na humo ndani watu hawatoki kirahisi. Punguza utamu kwenye chai, na utembee kila siku."

"Nitembee niende wapi?"

"Popote."

"Mtu mzima haendi popote," Mzee Dakika alisema. "Mtu mzima huenda mahali."

Muuguzi alicheka. Binti hakucheka. Walipofika nyumbani akasimama mbele ya ile meza ya saa akasema lililokuwa moyoni. "Mama naye alianza hivi hivi, akisema ni kidogo tu. Mimi sitazika wazazi wawili kwa ugonjwa mmoja, Baba. Kipimo kijacho kikionyesha imepanda zaidi, unahamia kwangu."

Mzee Dakika alivuta kigoda akakaa. Kwa marehemu mkewe hakuwa na la kujitetea. Lakini nyumba ya bintiye aliijua. Ghorofa ya tatu, dirisha linatazama ukuta wa jirani, sebule ambayo ukiingiza meza ya saa inabidi utoe makochi. Angekaa pale mikono mapajani akitazama runinga mpaka bintiye arudi kutoka kazini. Aliogopa, na aliogopa kweli kweli, kuliko alivyoiogopa sukari yenyewe.

Mwenye akili angevaa viatu siku ile ile akaanza kutembea. Mzee Dakika akili alikuwa nazo, ila siku hizo alikuwa amezikodisha. Badala ya kutafuta viatu, akatafuta ujanja, na ujanja ukaja wenyewe kwa miguu minne.

Jirani yake mpiga picha alikuwa amehama, akamwachia mbwa "kwa wiki moja tu", wiki ambayo mpaka leo haijaisha. Mbwa mwenyewe alikuwa wa rangi ya sukari ile ya kahawia, na jina lake lilikuwa Simba, ingawa akiona paka alijificha chini ya meza. Asubuhi moja mbwa kajilaza juu ya kandambili za mzee, simu ikalia. Mzee Dakika simu huiweka mezani kwenye spika, kwa kuwa mikono yake huwa ndani ya saa ya mtu.

"Shikamoo Baba. Sukari unaiangalia?"

Mzee alitazama chini. Mbwa naye akamtazama. Ulimi ukateleza wenyewe. "Marahaba, mama. Ninaiangalia. Hii hapa, imetulia kabisa."

Basi Simba akafa siku hiyo, akazaliwa Sukari. Mzee Dakika alijiambia kwamba hajasema uongo, amepindisha sarufi kidogo tu. Taabu ilikuwa hiyo sarufi yenyewe. Mbwa hata awe na upele ni kiumbe: amelala, amekula, amebweka. Sukari ni kitu: imepanda, imeshuka. Kwa hiyo kwenye simu ilimlazimu kutafuna maneno kabla ya kuyatoa.

"Jana usiku Sukari ame... imelala vizuri."

"Imelala, Baba?"

"Ndivyo wanavyosema wataalamu, mama."

Mambo yangeishia hapo, mzee angedanganya hadi siku ya kipimo akaumbuka. Lakini mbwa si mjinga. Asubuhi na jioni alisikia sauti ya mwanamke, laini, yenye wasiwasi wa kupendeza, ikimtaja jina: Sukari ikoje? Sukari iko sawa? Naye akajua anaitwa. Akawa anainuka, anajinyoosha, anakwenda mlangoni na kugeuza kichwa. Ukimpuuza anakwaruza. Ukizidi kumpuuza anachukua kandambili moja na kutoka nayo, na fundi wa saa hawezi kufanya kazi mguu mmoja peku.

Mzee akatoka, kwa hasira, mpaka kwenye kona. Mbwa hakutaka kona. Mbwa haendi popote, mbwa ana miadi: nguzo ya kwa fundi wa kuchomelea, rundo la vumbi la mbao la seremala, geti la shule, halafu mti fulani usio na maana yoyote ambao lazima uzungukwe. Hapo ndipo Mzee Dakika alipojikuta anakwenda mahali. Muuza magazeti alipomwona alishika kifua. "Mzee, mimi nilishakuombea upumzike pema."

"Basi ombi limekataliwa," Mzee Dakika alijibu, akavutwa mbele na kamba.

Na chai nayo ikaharibika. Kila alipomwambia mama wa chai wa jirani, "Niongezee sukari," mbwa alikuwa wima mlangoni, mkia unapiga ukuta. Mtu atakunywa chai kwa amani vipi? Ikabidi neno lenyewe aliache. Mwanzoni alikunja uso kwa kila funda, kisha akazoea, kama watu wanavyozoea wakwe.

Rafiki yake mkubwa alikuwa fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, ambaye mtaa mzima ulimwita Kisigino. Yeye ndiye aliyemtobolea mkanda tundu jipya suruali zilipoanza kupwaya. Kisigino alikuwa mtu mwema, ila kwenye maneno yake kila kitu kilikuwa "i". Ng'ombe imepita, paka imeiba, hata shemeji yake wakigombana alikuwa "ile". Walimu walijaribu, wakachoka. Na hiyo "i" ya Kisigino ndiyo iliyoleta balaa.

Siku hiyo lori la fundi samani lilisimama nje likishusha kabati. Mzee Dakika alikuwa ameinamia saa ya mkono ya bwana mmoja mwenye haraka. Sukari akaona nyuma ya lori kuna godoro, akaruka, akajilaza. Lori likaondoka. Mzee aliinua kichwa akaona masikio mawili yanatokomea kwenye kona. Aliacha lenzi, aliacha saa ya watu ikiwa tumbo wazi, akatoka mbio.

Simu ikalia mezani. Kisigino, msamaria mwema, akavuka barabara akaipokea.

"Mwanangu, hapa kuna mambo," alisema. "Sukari imepanda."

"Imepanda? Imepanda sana, baba mdogo?"

"Juu kabisa. Ghafla tu, mzee alikuwa ameinama, hata hakuiona. Imeondoka naye mbio mbio."

"Wamemkimbiza wapi?"

"Hajakimbizwa, kakimbia mwenyewe. Na ninavyoona, mwanangu, kuirudisha leo ni kazi."

Simu ikazima, chaji imeisha.

Binti alifika akiwa ameshika kiatu kimoja mkononi, kisigino kimevunjika kwenye ngazi za ofisini. Alikuta kigoda kitupu, lenzi mezani, chai imepoa. Akamgeukia Kisigino. "Yuko hospitali gani?"

"Hospitali ya nini?" Kisigino aliuliza, macho kwenye kile kiatu. "Kaenda kwa fundi samani. Hebu lete hicho nikutazamie."

Kabla binti hajamshika shati kumtikisa, Mzee Dakika akatokeza kwenye kona. Alikuwa anatembea kwa kasi, jasho linamtiririka, kamba mkononi, na mbele yake mbwa wa kahawia asiye na haya hata kidogo. Yule yule mzee aliyekuwa akihema kwa kwenda bafuni. Bintiye alimkumbatia akalia begani kwake, kisha akatazama chini.

"Baba. Huyu nani?"

Mzee Dakika alimeza mate. "Huyu ndiye Sukari."

Ungeweza kuona majibu ya simu yakirudi moja moja kichwani mwa yule mwanamke: imelala vizuri, imekula kidogo, jana imenilamba mkono.

"Miezi yote hii nilikuwa naulizia mbwa," alisema.

"Mama..."

"Nilikuwa nalala usingizi kwa sababu ya majibu yako, Baba."

Hilo lilimchoma mzee kuliko sindano zote za zahanati. Alijiona mdogo kama ule mshale wa sekunde. "Nilikuogopa," alisema. "Niliogopa nyumba yako. Nisamehe."

Binti alifuta macho kwa kiganja. "Twende tukapime. Sasa hivi. Ikiwa imepanda, Jumamosi unahamia kwangu, na huyu anatafutiwa pa kwenda."

Kisigino alikigongea kile kiatu misumari miwili, wakaenda kwa miguu, maana zahanati haikuwa mbali na mbwa hapandi teksi. Sukari alifungwa kwenye nguzo ya kibaraza. Ndani, Mzee Dakika alitoa damu yake akakaa kwenye benchi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake dakika zilimshinda. Aliyafikiria makochi ya ghorofa ya tatu. Alimfikiria mbwa. Bintiye alikaa kando yake, ameshika mkono wa shati la babaye, kama alivyokuwa akifanya utotoni wakivuka barabara.

Muuguzi alisoma karatasi, akaisoma tena.

"Imeshuka," alisema. "Mzee, umetoka mlangoni, uko nje huko unapunga upepo. Umebadilisha nini?"

"Nimepata mbwa."

"Mbwa si dawa, mzee. Hiyo ni kazi ya miguu."

"Miguu ninayo tangu kuzaliwa," Mzee Dakika alisema. "Haikuwahi kunikwaruzia mlango."

Muuguzi alicheka mpaka akatafuta kitambaa, kisha akamwonya: arudi kupima, asiache kutembea, na chai ibaki vile vile. Walipotoka, binti alisimama kwenye kibaraza akimtazama mbwa aliyekuwa akimtingishia mkia kama anayemfahamu siku nyingi.

"Kitu kimoja sielewi," alisema. "Mimi nilikusihi utembee mpaka sauti ikanikauka. Hukutoka. Huyu alikutoaje?"

Mzee Dakika alifungua kamba taratibu. "Hakunitoa yeye. Wewe ukipiga simu ukiuliza sukari ikoje, yeye husikia jina lake. Huinuka. Haniachi mpaka tutoke. Asubuhi na jioni, kila ukipiga. Ulipokwenda safari ya kikazi ukakosa mtandao, tulishinda ndani wote wawili, tumenuna."

Bintiye akamtazama mbwa, kisha baba. Midomo ilikuwa ikimtetemeka, na haikujulikana kama ni kicheko au kilio, mpaka vikaja vyote pamoja.

"Yaani aliyekuwa anakutembeza ni mimi."

"Ni wewe, mama. Huyu alikuwa anashika kamba tu."

Alichuchumaa, akiwa na gauni lake la ofisini na kiatu alichogongewa na Kisigino, akamkuna mbwa nyuma ya sikio. Hakusema kitu kuhusu Jumamosi, na mzee hakumkumbusha.

Kesho yake asubuhi Mzee Dakika alikuwa mezani, ile saa ya bwana mwenye haraka iko wazi mbele yake, chai chungu pembeni. Simu ikalia.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mama."

Kukawa na kituo kidogo, kama mtu anayechagua neno.

"Sukari hajambo?"

Mzee Dakika aligeuza kichwa. Mlangoni kucha zilikuwa zimeshaanza kukwaruza. Aliweka kibano chini, akavua lenzi, akaanza kutafuta viatu.