Bomba la Chini

Mimi si mtu wa kununua maji. Wifi yangu niliyesafiri naye anajua, na muuza duka wa kona ya hoteli yetu alijua kabla hatujamaliza kusalimiana. Alinitolea chupa ya baridi inayotiririka jasho, nikamwambia airudishe, mimi naulizia bomba la mtaani. Akacheka, eti hayo mambo ya enzi zile, mama.

Enzi zile ndizo nilizozifuata. Wenzangu huzuru mji kwenda kuangalia majengo. Mimi nilikuja na chupa tupu mkobani. Baba yangu alikuwa fundi bomba, na mabomba ya bure ya mji huu aliyafunga yeye na wenzake nilipokuwa sijui hata kufunga kamba za viatu. Alikuja kwa kazi ya miezi, akakaa miaka. Aliporudi alirudi mgonjwa, na hakukaa sana akafariki. Mama alizoea kusema mji ulimlisha limbwata, akatusahau kabisa. Aliingia kaburini akiamini hivyo. Mimi sikuwahi kujua niamini nini, na hilo limenikaa kooni mpaka nimeota mvi.

Basi tukazunguka. Mwenye mkahawa alisema maji ni ya wanaokula. Mlinzi wa benki aliutazama mtungi wa maji nyuma yake, akatutazama sisi, akauliza kama tuna akaunti. Wifi alikuwa hoi, viatu vipya vinamtafuna, jua la utosi. Alisema marehemu baba mkwe angekuwa hai angemnunulia chupa mbili. Nikamwambia anunue, namkataza nani? Hakununua. Akanifuata huku ananung'unika, na kwa hilo nampenda.

Njiani nilimsimulia habari za uani kwetu. Ukutani kulikuwa na mabomba mawili, moja la watu wazima na jingine chini yake, langu mimi. Kabla hajasafiri, baba alinisimamisha pale ukutani, akapiga alama ya penseli usawa wa kidevu changu, akafunga koki hapo hapo. Akanifundisha kumwaga maji ya kwanza, maana hayo yamelala ndani ya bomba, na kunywa yanayofuata. Halafu akaniambia, "Nisipokuwepo, usingoje mtu akubebe."

Nyumba ile ilibomolewa barabara ilipopanuliwa. Ukuta ulibebwa pamoja na kifusi, na kitu kingine cha mkono wake sikubaki nacho.

Nyuma ya soko la nguo tulimkuta fundi viatu ameegemea ukuta mfupi wa saruji, amezungukwa na soli na makopo ya gundi. Juu ya kichwa chake kulikuwa na bomba lililong'olewa koki, limeziba kwa kutu. Nikasimama. Nikamuuliza kama hilo lilikuwa la maji ya kunywa. Akasema ndiyo, zamani, sasa limekufa.

Wifi akakaa kwenye benchi la wateja, akavua viatu, akatangaza kwamba safari imeishia hapo. Fundi viatu akamwonea huruma. Akasogeza beseni lake kando na kumwambia kama ni miguu tu inayomsumbua, aoshe, bomba la kuoshea miguu bado linatoa.

Pale beseni lilipokuwa, chini kabisa ukutani, kulikuwa na koki ndogo.

"Nani amekwambia hilo ni la miguu?" nikamuuliza. Sauti yangu ilitoka kali bila mimi kutaka.

Akashangaa. Alisema kila mtu anajua, lingekuwa la nini tena chini namna hiyo? Maji ni yale yale ya bomba kuu, ila nani atainama kunywa mahali pa miguu?

"Liko hapa tu?"

"Aa, mama. Mabomba yote ya zamani yana hilo la chini. Mji mzima."

Nilipiga magoti pale pale, na gauni langu la safari, mbele za watu. Koki ilinifika kidevuni. Mji mzima, na mama hakuwahi kuuona. Kila mahali baba alipofika na begi lake la spana, alikuwa akinisimamisha tena ukutani na kupiga alama yake ya penseli.

Niliifungua. Maji ya kwanza yalitoka ya moto, nikayamwaga. Yaliyofuata niliyakinga kwa viganja, nikanywa huku nalia, na sikujali nani anatazama. Fundi viatu aliondoa beseni lake taratibu na kuliweka upande wa pili wa benchi.

Wifi alisimama nyuma yangu, peku, ameshika mkoba wangu, akaniuliza kama maji yanafaa. Nikamwambia apige magoti naye, leo hakuna wa kumbeba.