Miche Tisa Nyuma ya Pazia

Nimeanza kusoma nikiwa na wajukuu, kwa hiyo msomaji anisamehe nikiisimulia ndoto hii kwa maneno niliyopata katika darasa la jioni. Siku ile nilikuwa na dhiki. Mbegu za nyanya za marehemu mama, alizoniachia katika pindo la kanga, nilikuwa nimezipanda zote kwenye makopo chumbani, nyuma ya pazia, kwa kuogopa baridi yetu ya Lushoto. Asubuhi nilikuta miche mitatu imelala, imeoza pale shina linapotoka udongoni. Ilibaki tisa, mirefu, myembamba kama uzi, na mbegu nyingine hakuna. Wifi yangu Mwanahija alichungulia akasema, "Wifi, unalea miche au unafuga kambare?" Maana kila baada ya swala niliimwagia bilauri ya maji, mara tano kwa siku, nikiona dua bila maji haijatimia. Baada ya alasiri nilimwomba Mungu mbegu ya mama isiishie mikononi mwangu, na usingizi ukanichukua palepale juu ya msala.

Nikajiona katika nchi ya vilima iliyojaa jua, na katikati yake nyumba moja ndefu isiyo na madirisha. Ndani walisimama watu tisa, warefu hata vichwa vikagusa dari, shingo zao nyembamba, maji yakiwafika magotini, na wote wameinamia ufa wa mlango ulioingiza mwanga. Mwanamke aliyejifunika shuka gubigubi alikuwa akiwaongezea maji kwa mtungi huku akilia. Aliniambia anaitwa Huruma. Nilimpenda, nikaushika mtungi nimsaidie. Ndipo akaingia bibi mkavu mwenye sugu za jembe viganjani, akajitaja kuwa Bi Kiasi. Hakunigombeza. Alimwomba mwenzake afunue uso, na alipofunua niliona macho ya mtu asiyelala. Bi Kiasi akanieleza kuwa huyo ni Hofu, na kwamba kila aendapo kulea huazima shuka la Huruma.

Nikamuuliza Bi Kiasi: je, nikifungua mlango, baridi haitawaua?

"Mwanangu," akasema, "umemwomba Mungu awape uhai, kisha umewazibia jua lake na upepo wake. Sasa ulitaka akujibu apitie wapi?"

Akaniagiza nimtoe mmoja nje, leo kitambo kidogo, kesho zaidi, upepo umsukume ili ajifunze kusimama. Na kabla ya kumwaga maji nichomeke kidole udongoni, nikikuta unyevu nirudishe mtungi. Nikamshika mkono aliye mdogo kuliko wote. Mlangoni upepo ulimpiga akainama mpaka chini, nami nikanyoosha mikono nimrudishe, lakini Bi Kiasi alinishika bega. Polepole, mwenyewe, yule mdogo akainuka.

Nikaamshwa na adhana ya magharibi. Niliswali, kisha nikachukua bilauri kama kawaida yangu, nikachomeka kidole katika kopo la kwanza. Lilikuwa tope tupu. Nikatafuta msumari, nikayatoboa makopo yote tisa chini, maji yakachuruzika sakafuni, machafu, yenye harufu. Nikafungua pazia na kuyapanga dirishani, jua la asubuhi liyakute hapo.

Bilauri ilikuwa bado imejaa. Nikayanywa maji yale mwenyewe, na sikuona dua yangu imepungua.