Faili la Pili

...lakini hapa sipo alipomwacha, hapana, jana mwanaanga wake wa kwenye mchezo alikuwa kando ya lile ziwa jekundu, roho mkononi, dubwana la macho sita likimngoja chini, na leo amesimama mbele ya mlango mweusi asioujua, deraya mpya, nguvu zimejaa pomoni, makombora hayahesabiki, nani kaligusa faili lake la mchezo, nani... na mama jikoni anauliza, "Kaka yako kasema atarudi saa ngapi?" na yeye kwenye sofa, mguu uliovunjika, wenye plasta, juu ya mto, anajibu, "Hakusema, mama," na kweli hakusema, kaka ndiye aliyemfundisha kuruka mashimo ya sayari hii tangu wakigombania padi moja ya kuchezea, na sheria ilikuwa ya kaka, kila mtu na faili lake, hata amlilie vipi amuulie lile dubwana, kaka hucheka tu, "Mchumia juani hulia kivulini, mdogo wangu, pambana," miaka yote hajamvusha hata mlango mmoja, leo imekuwaje, anarudi kwenye orodha ya mafaili, la pili ni lake, la tatu halijawahi kutumika, na la kwanza, la kaka, miaka kumi na miwili ya mapango, tupu... tupu, labda umeme, lakini umeme gani huu unaofuta la mmoja ukajaza la mwingine, ndiyo maana jana vibonyezo vililia sebuleni mpaka yeye akapitiwa na usingizi, na asubuhi kaka akasimama pale na mkoba wake wa vifaa, fundi lifti asiye na lifti, maana tangu ile ya jengo la ghorofa tisa iporomoke na mzee wa watu asitoke mzima, na sahihi ya ukaguzi ikawa ya kaka, kampuni imemwambia akae nyumbani, sasa mkoba wa nini, kwa nini hakumuuliza mkoba wa nini, akamshika kichwa, "Ukipona mguu, mwangalie mama," naye akacheka, mjinga yeye, akacheka, "Kwani wewe unakwenda wapi?" "Kazini"... anapiga simu, haipatikani, anapiga tena, haipatikani, mtu hakusafishii njia yote kama ana nia ya kurudi kukutazama ukihangaika, anampigia fundi mwenzake kaka, anaongea kwa kunong'ona, "Nenda kwenye lile jengo, sasa hivi," "Jengo lipi?" "Unalijua, lile la ghorofa tisa, kaka hapatikani, kimbia, panda mpaka juu," na simu inakatika, au yule keshaanza kukimbia, Mungu wangu awe keshaanza kukimbia, na yeye na mguu huu wa plasta hata ngazi za nje hazimudu, na kwenye runinga mwanaanga anapumua, anapumua, hana habari, na mama anatokeza kichwa mlangoni, mkono mmoja una upawa, "Nimpakulie na yeye kabisa, au kitapoa?" na jua la mchana liko palepale juu ya zulia, na yeye anajibu, "Mpakulie, mama... mpakulie, ufunike."