Sinia la Mwalimu Edda

Mwalimu Edda alistaafu kufundisha sayansi mwaka juzi, na hakumaliza hata mwezi nyumbani. Kikundi cha kutunza Ziwa Babati kilipotafuta mtu wa kupima maji, alinyoosha mkono kabla swali halijaisha. Akapewa daftari, kamba yenye alama za sentimita, na sinia dogo la bati lililopakwa rangi nyeusi na nyeupe, likiwa na jiwe chini yake ili lizame. Kila Jumanne asubuhi alipanda mtumbwi wa Elineema, mvuvi, akateremsha sinia majini, na pale lilipopotea machoni akasoma kamba. Likipotea mapema, maji ni machafu. Kazi yenyewe ilikuwa hiyo tu.

Jumanne ya tatu aliwakuta madereva wanne wameingiza bajaji zao ziwani, wanaziosha kwa sabuni ya unga. Povu na oili chafu vilikuwa vinatambaa kuelekea kwenye matete.

"Tariq," aliita, maana alimfundisha darasa la sita, "hapo watu wanavua samaki."

"Shikamoo, mwalimu. Tunamalizia."

"Marahaba. Hata Jumanne iliyopita ulikuwa unamalizia."

Tariq akacheka. Mwalimu akapanda mtumbwi, akateremsha sinia jirani nao, akihesabu kimyakimya huku midomo ikichezacheza. Kipimo kilikuwa sentimita arobaini na moja. Alipomaliza aliwatazama wale vijana mmoja mmoja, akaandika namba za bajaji zao.

Bajaji ya Tariq ilizimika kabla haijafika stendi. Fundi alisema maji yameingia kwenye plagi. Rafiki yake Brayson, mmoja wa wale wanne, ambaye ya kwake ilizimika mbele ya soko siku hiyohiyo, alisema fundi hakuwepo ziwani. Hakuiona ile midomo.

Hadi Ijumaa mji mzima ulikuwa na habari. Sokoni Mwalimu Edda aliongezewa nyanya bila kuomba. Mwanamke mmoja alitoka Bonga kumfuata nyumbani, akamsihi amteremshie sinia wifi yake. "Asife, mwalimu. Anyamaze tu." Jumapili, kwenye kwaya, walimwachia nafasi ya watu watatu.

Mume wake, Mzee Leonard, hakuona ubaya. "Leo kwa kinyozi wamenipisha wote," alisema. "Usiharakishe kukanusha."

"Leonard! Miaka thelathini na mbili nawaambia watoto kila jambo lina sababu yake, halafu nistaafu niwe mchawi?"

Kilichomnyima raha zaidi ni kwamba ufukwe ulikuwa safi. Wiki mbili zilipita bila bajaji hata moja kuoshwa ziwani. Akinyamaza tu, kazi ya kikundi itakuwa imekamilika. Alilifikiria hilo siku mbili nzima, kisha akaona aibu kwamba amelifikiria.

Akaenda kwenye kijiwe cha bajaji na sinia lake mkononi.

"Hili ni bati la kawaida," alitangaza. "Rangi mbili ni kwa ajili ya macho kuona vizuri." Akaliweka kwenye kiti cha bajaji iliyokuwa karibu, ili wote walione. Dereva wa bajaji hiyo akashukia upande wa pili, akaenda kusimama ng'ambo ya barabara.

"Kuna swali?"

Brayson akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Mwalimu, mtu akitaka kutubu anaanzia wapi?"

"Anaanzia kwenye mtumbwi! Kesho kutwa wewe na Tariq mtapima wenyewe."

Tariq alikuja kwa sababu aliona haya kumkatalia mwalimu wake. Brayson alikuja kwa sababu Tariq alimwita mwoga, na alivaa rozari mbili. Elineema alipiga kasia mpaka mahali pa siku zote, na Tariq akashika kamba kwa kitambaa, asiiguse. Sinia likazama polepole.

"Limepotea!" alisema Brayson. "Hamsini na mbili."

"Bado, naliona. Hamsini na nne."

"Una macho ya wapi wewe? Lipandishe tena!"

Walirudia mara saba. Kitambaa kilishaanguka majini na hakuna aliyekiona.

"Kwa hiyo maji yameng'aa kwa sababu hatuoshi?" Tariq aliuliza.

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. "Huenda," Mwalimu alijibu. "Au mvua imekatika, mito haileti tope. Ndiyo maana tunapima kila wiki, tusijidanganye."

Hapo kiboko akaibuka, hatua kama ishirini kutoka kwao, akapumua kama bomba lililopasuka.

"Kaeni kimya," Elineema alinong'ona, akigeuza mtumbwi.

Brayson aliwataja kwa sauti watakatifu wote aliowajua, na walipoisha akaendelea na wachezaji wa timu yake. Tariq akaiachia kamba. Sinia likaenda chini.

Walifika nchi kavu salama, ila jioni hiyo habari mjini zilikuwa kwamba mwalimu amemkabidhi kiboko sinia, sasa zamu ya kulinda ziwa ni yake. Safari hii aliyekasirika ni Tariq.

"Acheni ujinga!" aliwafokea wenzake kijiweni. "Mimi nimepima! Ni bati! Tope na povu vikizidi maji yanachafuka, samaki wanakosa hewa!"

"Wameshamchukua na huyu," alisema mmoja kwa huruma.

Tariq alibishana nao wiki nzima, akawatafutia mahali pa kuoshea penye bomba, upande wa Singe, mbali na ziwa. Wengine walihamia huko kwa hoja zake, wengine kwa sababu ya kiboko. Mwalimu Edda alitaka waulizwe nani amehama kwa lipi. Tariq alimwomba avumilie kidogo.

Jumanne iliyofuata, Bi Najma, mama yake Tariq, alibisha hodi kwa mwalimu akiwa ameshika kiuno.

"Sinia langu la kuandalia futari liko wapi?"

Lilikuwa uani, limeshatobolewa katikati na kupakwa nusu nyeusi. Tariq alikuwa amechuchumaa pembeni na brashi.

Bi Najma aliliinamia. "Umepaka vibaya," alimwambia mwanawe, akamnyang'anya brashi na kukaa chini. "Na huo mtumbwi unaondoka saa ngapi?"