Mwanga wa Kumlisha Mama

Mama hakuwa amemeza kitu tangu nilipobadilisha swichi ya chumbani kwake. Maradhi yamemvuruga akili: taa ikiwaka kamili analia kwamba anachomwa, na gizani anakaza meno. Mwanga hafifu tu ndio humtuliza akafungua kinywa.

Swichi ya zamani, ya kuzungusha, ilipunguza mwanga kwa kuzuia sehemu ya umeme na kuigeuza joto. Ukuta ulikuwa umeanza kunuka kuungua, nikaing'oa. Hii mpya hukata umeme na kuurudisha upesi mno, jicho likaona mwanga umefifia tu. Ndivyo tulivyofundishwa darasa la jioni la ufundi umeme. Lakini kila nikiishusha, taa inapepesa, na Mama anajificha chini ya shuka.

"Fundi wetu wa jioni," kaka alisema, bakuli la uji mkononi. "Umemfungulia mama yetu ukumbi wa dansi."

"Kaka, nyamaza nifikiri."

"Fikiri haraka. Midomo yake imepasuka."

Nilipiga magoti kando ya kitanda. Ee Mungu, usimchukue kwa sababu ya swichi.

Nikaitazama balbu. Ilikuwa ya kisasa, inayokula umeme kidogo. Kidogo mno, nikawaza. Swichi inakosa mzigo wa umeme wa kuishikilia itulie. Ilihitaji balbu ya zamani, ile ya kiwaya kinachowaka na kutoa joto. Madukani nilishaambiwa hazipo. Mtaani niliijua moja tu, kwa jirani, juu ya boksi la vifaranga wake, ikiwapa joto.

"Mdogo wangu, unataka wanifie?" jirani aliniuliza nilipomwomba.

"Dada, mama hali."

Alinitazama usoni. Kisha akaifungua balbu kwa kitambaa, maana ilikuwa ya moto.

"Nitawafunika kwa sweta. Nenda."

Nyumbani nilizima umeme, nikaifunga, nikawasha, nikashusha swichi taratibu huku nikiomba kimoyomoyo. Mwanga ulitulia.

Mama alitoa uso kwenye shuka. Kijiko cha kwanza kilimwagikia kidevuni. Cha pili kiliingia, na koo lake likapanda na kushuka.

"Shusha kidogo," kaka alinong'ona. "Anakunja macho."

Nikashusha. Sikuthubutu kuuondoa mkono pale ukutani.